Kwa Nini Kesho Sitakusindikiza

Nekesa,

Barua za kwetu huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua. Uko Lidcombe kwa marafiki zako, mnakula na kupiga picha za kuagana, na simu yako inakaribia kuzima kama kawaida. Yangu ni kwamba ni saa tisa mchana, nimeketi mezani, masanduku yako mawili yako mlangoni, na baba yako yuko uani anajifanya anakata nyasi. Amenikasirikia, na ana haki. Nimemwambia kwamba kesho sitafika stesheni.

Soma tena ukitaka. Kesho asubuhi treni ya Dubbo, uendako kufanya kazi, itakaposimama Penrith utakuwa na baba yako, na mchungaji, na akina mama wa ushirika na vitenge vyao, watakuimbia mpaka abiria wachungulie dirishani, na mimi sitakuwepo. Mtoto wangu wa kwanza anaondoka nyumbani na simsindikizi. Najua watu watasema nini. Wacha waseme, nimeshajisemea yote mwenyewe.

Sitakuandikia habari za kufunga milango na kula vizuri. Una miaka ishirini na miwili, na nyimbo hizo nimekuimbia tangu uzaliwe. Nitakayoandika hapa sijawahi kukwambia, na lazima uyajue kabla ya Jumatatu. Jumatatu utakaa kwenye kiti cha afisa wa ustawi wa watoto, katika mji ambao wengi wa watoto utakaowaona ni wa Waaborijini, na utapewa fomu. Mimi nilijaza fomu kama hiyo. Kuna msichana aliyeondolewa kwa nyanya yake kwa sababu ya nilichoandika, na kesho saa tatu asubuhi nyanya huyo yuko mahakamani kuomba arudishiwe mjukuu wake. Mimi ni shahidi wake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu ni cha kazini, na ndicho nilichojazia ile fomu. Utasoma polepole ukitikisa midomo kama ulivyokuwa ukisoma Biblia Jumapili, halafu utanijibu kwa Kiingereza. Sawa tu, mradi usome.

Ulikuwa na miaka kumi na tatu. Tulikuwa hatujamaliza mwaka hapa Sydney na viza yetu ilikuwa mikononi mwa mwajiri wangu, ile kliniki ya watoto ambayo sitaitaja. Nilikuwa nesi mpya mwenye lafudhi. Wenzangu walikuwa wakinirudisha niseme sentensi moja mara tatu. Basi nikaamua kwamba kama hawaelewi mdomo wangu, wataelewa maandishi yangu. Na waliyaelewa! Nani aliandika kunishinda? Meneja alikuwa akiwaonyesha wengine faili zangu, na mimi napita pale nikijifanya sijaona, moyo umejaa.

Asubuhi moja akaja Anti Beryl na mjukuu wake wa miaka minne. Jina la mtoto sitaliandika. Nimeshaliandika kwenye karatasi mara moja, inatosha. Anti Beryl ni Mwaborijini, na hiyo "Anti" ndivyo wao wanavyomheshimu mkubwa wao, kama sisi tunavyosema mama fulani. Mfupi, mkavu wa maneno, kofia ya sufu kichwani hata kukiwa na joto. Mtoto alikuwa na sikio linalotoa usaha na walikuwa wamekosa miadi miwili. Mengine yote yalikuwa mazuri. Uzito mzuri, nywele zimesukwa, viatu safi. Alikuwa akiimba peke yake huku akihesabu vidole vyake vya miguu.

Nikaanza maswali ya fomu. Mtoto anaishi na nani? "Na mimi," akasema. "Siku nyingine kwa shangazi yake. Wikendi kwa binamu zake. Mama yake akipata nafuu anamchukua." Analala wapi? Anti Beryl akacheka kidogo. "Analala pale anapochokea." Nikauliza tena, nani hasa ndiye mlezi wake? Hapo akaacha kucheka, akatazama sakafu. Nilichouliza baada ya hapo alijibu kwa neno moja, au hakujibu kabisa.

Nikaandika sentensi tatu. Nazijua mpaka leo. Mtoto hana makazi ya kudumu. Walezi hubadilika mara kwa mara. Mlezi hatoi ushirikiano na anakwepa kutazamana na mhudumu. Nikaongeza lile sikio na ile miadi. Kulikuwa na mwenzangu Mkenya tuliyekuwa tukila naye mchana, nikamuuliza kama nipeleke ripoti idara ya ustawi wa watoto. Akasema, "Wewe andika tu, mama, usije ukaulizwa." Nikatuma. Kisha nikapasha ugali wangu na sukuma kwenye mikrowevu, nikala. Nakumbuka nilishiba.

Sasa nikuulize, mwanangu. Mimi nililelewa na nani?

Nililala kwa kukhu, nyanya yangu wa Bungoma, mpaka darasa la tatu, kwa sababu mama alikuwa akifundisha Lodwar. Likizo nilikuwa kwa mjomba Webuye. Mama mdogo wa Kitale alipojifungua, nikapelekwa nimbembelezee mtoto, nikakaa mwaka mzima na kusoma huko huko. Nilikuwa na nguo katika nyumba tatu. Nilikuwa na mama watano, wote walinichapa na wote walinilisha, na hakuna siku hata moja niliyojiona sina kwetu. Na nilifunzwa kwamba mtu mwenye adabu akihojiwa na mwenye mamlaka hamkodolei macho. Kwenye usaili wa hiyo hiyo kazi nilitazama meza mpaka yule mama akaniuliza kama ninaumwa. Mimi huyo, Nekesa, ndiye niliyeandika kwamba Anti Beryl anakwepa kutazamana.

Usiniambie sikujua. Ningependa kuwa sikujua. Mahali fulani kichwani nilijua kabisa kwamba yule mama ananisimulia utoto wangu mwenyewe, na nikauandika kama ugonjwa. Nilitaka kuonekana mtu wa hapa, mtu anayejua nyumba ni nini, chumba cha mtoto ni kipi, kitanda kimoja, mlango mmoja, mlezi mmoja. Hakuna aliyenilazimisha. Meneja alikuwa likizo wiki hiyo.

Baada ya wiki kadhaa akapiga simu mwanamke wa idara, sauti yake tamu, anataka kuthibitisha tarehe. Kabla ya kukata akasema, "Asante sana, ripoti yako ilikuwa wazi, ilitusaidia mno." Mtoto alikuwa ameshaondolewa. Amepewa familia ya kumlea, mbali, kusini huko. Nikajibu hakuna shida. Ndivyo nilivyojibu, hakuna shida. Nikaweka simu, nikangoja nihisi kitu. Unajua daktari wa meno akikudunga ile sindano ya ganzi, unagusa shavu ni kama la mtu mwingine? Basi hivyo. Nikamwita mgonjwa aliyefuata.

Anti Beryl alirudi kliniki peke yake. Hakupiga kelele. Alisimama kaunta mpaka nikatoka, akaniambia, "Sista," maana wazee wa hapa ndivyo wanavyowaita manesi, "ni wewe peke yako uliyeniuliza analala wapi." Sheria humficha anayeripoti, nayo ni sheria nzuri kwa mengi. Nikajificha ndani yake. Nikamjibu kwamba siruhusiwi kuzungumzia jambo hilo. Akanitazama. "Wewe umetoka Afrika," akasema. "Wewe ulilelewa na nani?" Nikamwambia kuna mgonjwa ananingoja. Hakukuwa na mgonjwa. Niliingia chumbani, nikafunga mlango, nikazipanga sindano ambazo zilikuwa zimepangwa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Tukapata ukaaji wa kudumu, tukanunua nyumba hii. Kila mwaka kazini kulikuwa na chai ya maridhiano na Waaborijini, na keki, na bendera yao mezani, na mimi kila mwaka nilipeleka mandazi. Mwaka mmoja meneja akaniomba nisome yale maneno ya kuwatambua Wadharug, wenye ardhi hii tunayokaa, kwa sababu ati nina sauti nzuri. Nikasoma. Nikasema tunawaheshimu wazee wao waliotangulia na waliopo. Mzee mmoja aliyepo nilikuwa nimemfungia mlango usoni, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Wakapiga makofi. Nikarudi nyumbani na chombo changu cha mandazi kikiwa kitupu, nikakiosha.

Wewe ndiye uliyeanza kunisumbua. Ulirudi na kazi ya shule kuhusu watoto wa Waaborijini walioibwa, zile enzi ambazo serikali na makanisa walikuwa wakiwakusanya watoto na kuwatia katika nyumba za kulelea, ili wasahau kwao. Ukaniuliza, "But who actually did it, Mum?" Nikakwambia ni watu wa zamani. Ukasema mwalimu amewaambia ni watu wa kawaida tu, polisi, manesi, watu wa kanisa. Nikakwambia kaoshe vyombo. Ulikasirika, vyombo vilikuwa safi.

Basi nikaamua kwenda kuomba msamaha, na nikaenda kwa njia ninayoijua. Kwetu mtu hajipeleki peke yake kuomba msamaha, ataonekana anafanya mchezo. Unapeleka watu. Unapeleka chakula. Watu wazima wanatangulia kuzungumza na mkosaji anakaa nyuma, kichwa chini. Nikamwambia mama mchungaji kwamba kuna mama Mwaborijini nimemkosea kazini, sikueleza zaidi. Akasema, "Tutaenda sote." Anwani niliitoa kwenye faili la kliniki, nalo ni kosa, liongeze kwenye yale mengine. Wewe siku hiyo unaikumbuka. Ulibeba hotpoti ya pilau ukidhani ni ziara ya ushirika kama zile nyingine.

Tulishuka kutoka vani ya kanisa mbele ya nyumba yake kule Seven Hills, wanawake tisa, sare ya ushirika, vitambaa vyeupe kichwani, Biblia kwapani. Tukaanza wimbo pale pale kwenye geti. Watoto waliokuwa wakicheza uani wakasimama. Ndani mtu mzima akapiga ukelele mmoja, na wale watoto wakakimbia. Hawakukimbilia ndani. Walizunguka nyuma ya nyumba na kuruka ua wa jirani, mkubwa akimvuta mdogo kwa mkono, bila kugongana, bila kulia. Walikuwa wamefundishwa. Mlango ukafungwa. Na sisi tukaendelea na ubeti wa pili, tukidhani labda hawajatusikia vizuri.

Nilimwona Anti Beryl dirishani. Ndipo kiliponiingia akilini kile tulichokuwa. Gari limesimama getini, wanawake wa kanisa wamevaa sare, wana chakula, wana nyimbo, wanatabasamu. Hivyo ndivyo walivyomchukua yeye, nilikuja kuambiwa baadaye, akiwa na miaka sita, pamoja na dada yake. Hawakuonana tena mpaka wote wawili ni watu wazima na hawana la kuambiana. Ndiye huyo niliyekuwa nimemkalisha kliniki na sare yangu na kalamu yangu, kisha nikashangaa kwa nini hajibu.

Mama mchungaji akasema tuache chakula mlangoni. Tukakiacha. Kwenye gari ukaniuliza, "Why were they scared of us?" Nikakwambia wale watu hawapendi wageni. Huo ulikuwa uongo, nimeusema mimi, kwa mtoto wangu, kuhusu watu niliokuwa nimewanyang'anya mtoto wao. Ukiwa umewahi kuurudia mahali, tafadhali kaufute.

Safari ya pili nilianza kwa barua. Mistari minne, kuuliza kama naweza kuja peke yangu. Jibu lilikaa miezi. Kisha ukaja ujumbe kwenye simu: Jumatano, saa nne. Nikaenda bila sare na bila chombo. Hakunikaribisha ndani, nikakaa kwenye ngazi za mlango na yeye juu yangu kwenye kiti, anakunja nguo. Nikamwambia ni mimi niliyeandika. Nikamtajia zile sentensi tatu, moja moja. Nikamwambia na habari za Bungoma na Webuye na Kitale. Nikasema samahani.

Akakunja shuka mpaka akamaliza. "Watu huniletea samahani na keki," akasema. "Keki naila." Akachukua nguo nyingine. "Wewe unajua kuandika, Sista. Andika tena."

Hicho tu ndicho alichotaka. Machozi hakuyaomba, na nisingekuwa nayo. Alitaka karatasi nyingine yenye jina langu, inayosema kwamba ile ya kwanza haikuwa sawa, aipeleke kwa wakili. Na mimi nikamwambia nitafikiria.

Nilifikiria miaka miwili, Nekesa. Uraia ulikuwa haujatoka. Leseni yangu ya unesi je? Wewe ulikuwa unaingia chuo. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Nilipokuwa nikifikiria, yule mtoto alitimiza miaka minane, akatimiza tisa, nyumbani kwa watu wengine. Niliendelea kwenda Seven Hills siku za Jumatano. Niliwapeleka wajukuu wengine kwa daktari, nikakaa kwenye chumba cha kusubiria pamoja nao ili mapokezi wasiwazungushe, nikajifunza nani ni mtoto wa nani. Nilikuwa naona nafanya kitu. Siku moja Anti Beryl akaniambia, bila hasira, "Unakuja hapa kwa ajili yako. Sikukatazi." Nikarudi nyumbani nikaandika siku hiyo hiyo, kurasa nne, kwenye meza hii.

Ungedhani hapo nimekuwa mtu mzuri. Wapi! Nilimwomba wakili jina langu lisitajwe. Sheria iliniruhusu, nikaitumia tena. Maombi ya kumrudisha mtoto yakakataliwa. Wakili alinieleza kwa upole kwamba karatasi isiyo na mwenyewe haimbani mtu yeyote. Walichopewa ni ziara, mara chache kwa mwaka, katika chumba cha ofisi, na mtu wa idara amekaa pembeni. Nilimpeleka Anti Beryl kwenye ziara ya kwanza nikabaki garini. Aliporudi nikamuuliza imekuwaje. Akasema mtoto amempa mkono. Mjukuu wake, mtoto aliyekuwa akimpanda mgongoni, amemsalimia kwa mkono kama mtu anayesalimia mwalimu. Akafunga mkanda wa kiti, nikaendesha mpaka Seven Hills.

Sasa yule mtoto ana miaka kumi na tatu. Ni umri uliokuwa nao wewe wakati ule.

Mwezi uliopita ulikuja na barua ya kazi. Uliruka jikoni humu, ukanikumbatia na unga mikononi mwangu, ukasema, "I'm going to help those kids, Mum." Baba yako akapiga vigelegele kama mwanamke, tukacheka. Nami nilicheka. Kesho yake nikampigia wakili, nikamwambia maombi yakifunguliwa tena jina langu litajwe, nitasimama mwenyewe, niulizwe chochote. Tarehe hatukuichagua sisi. Nilipoona imeangukia siku ya treni yako, nilitaka kukwambia ubadilishe, kisha nikaona hapana, wewe Jumatatu unangojwa, na mimi nimewangojesha wenzangu vya kutosha.

Sina orodha ya kukupa. Nilikuwa mtu mwema nilipoandika zile sentensi, kwa hiyo siwezi kukwambia uwe mwema. Naweza kukwambia nililoliona. Kabla hujaandika neno kuhusu mtu, nenda ukanywe chai kwake kama atakukaribisha, na kama hakukukaribisha, rudi siku nyingine. Usiende na kundi. Ukiambiwa mtoto ana mama watano, andika watano, na uwatafute wote watano, na waulize wazee wa hapo nani wa kuulizwa, hata wakikucheka ofisini kwamba unachelewesha faili. Mtoto akiwa hatarini kweli, mwondoe. Sikwambii ufumbe macho, nimewaona walioumizwa na siwasahau. Lakini sikio la usaha linatibiwa kwa dawa. Na kuwa na nyumba nyingi si kukosa nyumba, hilo ulijue kutoka kwangu, maana hakuna mwingine hapa atakayekwambia.

Na ukikosea, nenda kesho yake. Usingoje kama mimi. Usiende ili ujisikie nafuu, nenda uulize kinachotakiwa, halafu ukifanye hata kama kinakugharimu kazi. Hapo ndipo nilipochelewa, kwenye kugharimika. Mandazi yalikuwa rahisi. Hata zile Jumatano zilikuwa rahisi.

Jumatano iliyopita nilimwambia Anti Beryl kuhusu kazi yako. Niliona lazima ajue kabla hatujasimama pamoja. "Ni yule aliyebeba sufuria?" akauliza. Nikasema ndiye. "Anajua ulichofanya?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi mwambie," akaingia ndani. Hajanisamehe, na sijui kama atanisamehe. Sikuwahi kumuuliza.

Kesho naweza kupoteza mengi na tusipate kitu. Hakimu anaweza kukataa. Bodi ya manesi inaweza kuniita. Mtoto mwenyewe anaweza kusema hataki kurudi, kwa sababu kule aliko sasa ndiko anakokujua, na atakuwa na haki, na hilo nalo litakuwa kazi ya kalamu yangu. Baba yako anauliza, "Hata siku moja tu? Mtoto wa kwanza?" Anafikiri nimewachagua wao nikakuacha wewe. Mweleze njiani, Nekesa, wewe unajua kuzungumza naye. Mwambie Anti Beryl naye alikuwa na mtoto aliyeondoka bila kusindikizwa na yeyote.

Saa moja na nusu nitampitia Anti Beryl, atakaa mbele na kofia yake. Saa tatu wataniita. Wakili ameniambia swali la kwanza litakuwa nani aliandika ile ripoti, nami nitataja jina langu lote, la kwangu, la baba yangu, na la ukoo.

Nimeanza barua hii sihisi chochote, kama nilivyozoea miaka tisa. Nilitia nguo zako sandukuni jana kama napanga shuka za hospitali, na nikajiuliza ni mama wa aina gani. Sasa mashine ya nyasi imezimwa na nyumba iko kimya. Mikono imelowa jasho, ndiyo maana maandishi yamechafuka hapa. Naogopa, mwanangu. Naogopa kweli kweli, na sitaki hofu hii ipite kabla ya saa tatu.

Mama yako